Taa ya Esther Ilivyoniumbua

Faith na Kiprono, mwezi uliopita nilipowakabidhi funguo za kibanda mliniomba niwaandikie mambo muhimu ya kazi yetu, moja, mbili, tatu. Nimeanza orodha hiyo mara tatu. Kila nikifika kwenye ngozi ya pampu namkumbuka mtu fulani, naacha orodha, naanza kuhadithia. Basi nitahadithia, na nyinyi mtachuma humo mnachokitaka.

Taa za presha mnazozitengeneza leo zinaenda kuning'inizwa kwenye hoteli za wageni na kwenye mahema ya harusi. Mteja akikaa wiki mbili bila taa yake, hakuna kinachoharibika. Wakati wangu taa hizo zilikuwa ndizo umeme wetu. Ikizima moja, mashine ya kusaga mahindi inafungwa mapema, karani wa majani chai hawezi kusoma mizani, na kanisani watu wanaimba zile nyimbo wanazozijua kwa moyo tu, ambazo kwa kanisa letu zilikuwa nne.

Nilikuja Mogogosiek kutoka Kisii nikiwa bibi mpya wa Nyamweya, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha chai. Nilichuma chai misimu miwili. Siku moja stovu yetu ya mafuta ilikataa kuwaka, nikaipeleka sokoni kwa Mzee Sang, fundi wa taa na stovu. Mzee alikuwa amefanya kazi miaka mingi kando ya boila za kiwanda, na boila zilikuwa zimemwachia masikio ya mapambo tu. Nilimkuta ameinamia taa ya shaba. Anaipampu, presha inaisha. Anapaka povu la sabuni kwenye mfuniko wa tangi, haoni kitu. Anapaka juu karibu na soksi, kile kitambaa kidogo kinachotoa mwanga, haoni kitu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wateja, na kutoka hapo nilisikia mlio mwembamba sana, kama paka aliyekasirika ndani ya gunia.

"Mzee, inavuja kwa pampu," nikasema.

Hakunisikia. Nikainuka, nikaweka kidole mahali penyewe, chini ya mpini wa pampu. Alinitazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyeingia kanisani. Kisha akalizamisha tangi kwenye karai la maji, na povu likapanda kutoka pale pale. Hakusema asante. Alimaliza taa, akamaliza stovu yangu, akaniambia, "Kesho uje saa mbili. Usichelewe."

Nikadhani stovu haijapona vizuri. Kesho yake saa mbili nilifika nimeibeba kichwani.

"Stovu ya nini?" akauliza. "Weka hapo. Keti. Sikiliza hii."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Nyamweya alicheka wiki nzima, halafu akazoea. Wateja walichukua muda zaidi. Kwa miaka mingi mtu alikuwa akiingia, ananikuta mkono umejaa mafuta, ananiuliza, "Fundi ameenda wapi?"

Mzee hakuwa mtu wa maneno. Alinionyesha jambo mara moja, na kama sikulishika, alinionyesha tena bila kubadilisha uso. Soksi mpya unaichoma kwanza mpaka iwe jivu jeupe, na kuanzia hapo hakuna kuigusa. Niliigusa. Ikaanguka kama unga. Akanipa nyingine. Nikaigusa hiyo pia, kwa sababu sikuamini. Akanipa ya tatu, akakaa na kunitazama, na hiyo sikuigusa. Ngozi za pampu tulizikata kutoka kwenye ulimi wa viatu vikuukuu vya ngozi, tukazilaza kwenye mafuta mpaka zilainike. Nipeli, kile kitundu ambacho mafuta hutokea yakiwa mvuke, tuliisafisha kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Na alikuwa na spana aliyoichonga mwenyewe kutoka kwenye chuma cha springi ya gari, kwa sababu koleo hula shaba, na shaba iliyoliwa hairudi. Spana hiyo mnayo. Msiwaazime watu wa pikipiki.

Jambo moja dogo kabla sijaendelea. Mzee, kama Wakipsigis wengi wa rika lake, pampu aliita "bambu". Mimi Mkisii nilikuwa na shida yangu na herufi p, nikaita "bambu" pia. Wateja walipowasikia mafundi wawili wa makabila mawili wanasema neno moja, wakadhani ndilo jina la kitaalamu. Mpaka leo kuna wazee kule kwetu wanaosema bambu kwa heshima kabisa.

Miaka ikaenda. Nyamweya alifariki, na mtu aliyenishika mkono wakati huo alikuwa Tabitha, mwenye duka la pale sokoni, tuliyekuwa naye kanisa moja. Alikuja na unga na sukari, akalala kwangu wiki nzima, akaosha vyombo vya wageni wangu. Mzee Sang naye alizeeka. Alikuwa akija mchana tu, anakaa kwenye kigoda mlangoni mwa kibanda, anaota jua. Fundi sasa nilikuwa mimi, na wateja walikuwa wameacha kuuliza fundi ameenda wapi. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuharibika kidogo.

Esther Chepngeno, mama yake Chebet, alikuwa na hoteli ndogo karibu na kituo cha kununulia majani chai. Alifungua alfajiri, kukiwa bado giza, ili watu wanaokwenda shambani wapate chai na chapati. Taa yake niliihudumia mimi mwenyewe: ngozi mpya, nipeli safi, washa mpya, ile pete ya mpira, kwenye mfuniko. Siku nne baadaye aliingia kwenye kibanda, mkono wa kulia umefungwa leso, akaiweka taa mezani kwa mkono wa kushoto.

"Fundi, hii taa uliifanya nini?"

"Kwani imefanya nini?"

"Niliipampu kama siku zote. Ikawaka vizuri. Halafu ikaanza kuvuta pumzi kama ng'ombe mgonjwa, mwanga unapanda, unashuka, moto unatoka juu. Nikasema wacha niizime. Nilipolegeza skrubu ya presha, ikatoa mvuke kwa nguvu na mvuke ukashika moto. Ndio huu mkono."

Kulikuwa na wateja wawili wanangoja kwenye benchi, mwuza nyama na mwalimu mmoja. Nilijua wanasikiliza. Nilihisi jina langu likitetemeka kama kifuniko cha sufuria. Niliishika taa, nikaitazama nje tu, nikaipampu mara mbili, halafu nikasema kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Mama Chebet, uliipampu kupita kiasi. Na uliijaza mafuta mpaka shingoni. Nimewaambia watu mara ngapi?"

Esther alinitazama. "Mimi nimewasha taa hii miaka minane, Fundi," akasema, bila kupandisha sauti. Akaiacha taa mezani, akaenda zahanati.

Mzee alikuwa pale mlangoni. Maneno hakuyasikia, lakini uso wa Esther aliuona ukipita.

"Yule mama amesema nini?"

Nikainama kwenye sikio lake nikamweleza kwa kelele, pamoja na jibu langu.

"Umeifungua hiyo taa?"

"Bado, Mzee."

"Basi umejuaje?"

Nilirudi ndani nikajifanya natafuta kitu.

Kesho yake ikaja taa ya mashine ya kusaga, chimni ya kioo imepasuka, soksi imeanguka. Shida ni ile ile: ilikuwa ikivuta pumzi na kutoa moto juu. Hiyo nayo niliihudumia mwezi huo, na usiku ule sikula vizuri. Ijumaa ikaja ya tatu, taa ya kanisa, inalia kilio kile kile. Lakini taa ya kanisa nilikuwa sijaigusa mwaka mzima. Hapo nikajua kwamba kosa si la mikono yangu. Na kama si la mikono yangu, wala si la yule mzee wa kanisa anayeiwasha Jumapili zote, basi halikuwa la Esther pia.

Nilizifungua zote tatu, nikazipanga mezani kifua wazi. Nipeli nzuri. Ngozi nzuri. Washa nzuri. Bomba la mvuke halina masizi. Nikamimina mafuta ya kila moja kwenye gilasi: ni maangavu, hayana maji wala uchafu. Nikanusa, lakini wiki hiyo ilinyesha kila siku na mimi nilikuwa na mafua, pua yangu haikuwa na kazi yoyote. Mzee aliinuka kutoka kwenye kigoda, akachovya kidole kwenye gilasi ya Esther, akakipuliza. Akachovya kingine kwenye mafuta yetu ya kibandani, akakipuliza. Akarudia ile ya kwanza.

"Hii ni baridi," akasema.

Nikang'oa karatasi kwenye daftari. Tone moja la mafuta yetu, tone moja la Esther, tukaiweka dirishani. Mafuta ya taa safi hukaa kwenye karatasi, yanaacha doa la kung'aa kama karatasi ya mandazi. Doa letu lilikaa. Lile la Esther lilinywea mbele ya macho yetu mpaka likabaki duara jembamba.

"Petroli," Mzee akasema, akaenda kukaa. "Imechanganywa na petroli."

Sikuhitaji kuuliza yalinunuliwa wapi. Soko letu lilikuwa na duka moja tu lililokuwa likipima mafuta kutoka kwenye pipa, na lilikuwa duka la Tabitha.

Nilitembea hadi pale nikiwa na karatasi ile mkononi. Nilitaka kumngoja abaki peke yake. Lakini nilipofika, alikuwa ameshika faneli, anampimia mama mmoja mafuta kwenye chupa.

"Tabitha," nikasema, "usimpimie."

"Kwa nini?"

"Mafuta yako yana petroli."

Yule mama aliiweka chupa chini polepole, akarudi hatua moja. Tabitha hakuweka faneli chini.

"Mama Kerubo, umekuja kunivunjia duka?" akaniuliza.

"Nimekuja kukuonyesha kitu. Nipe tone moja kutoka kwenye hilo pipa."

Alinipa, uso umekaza. Nikaliweka kwenye karatasi, kando ya tone la mafuta yangu niliyoyabeba kwenye kichupa. Tukasimama tukitazama, sisi watatu. Lilipoanza kunywea, Tabitha alichukua kitambaa akapangusa kaunta mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

"Mimi sijawahi kuongeza maji hata kwa maziwa," akasema.

"Najua. Ndiyo sababu nimekuja kwako na sikwenda kwa chifu."

Kaka yake, Joel, alikuwa nyuma ya duka akipanga magunia. Alikuwa amesikia yote. Alitokea mlangoni akiwa bado ameshika kamba ya gunia.

"Tabitha, lile pipa," akasema. "Nilipoliazima. Nilibebea petroli ya msumeno, ile pawasoo, tulipokuwa tunakata mikaratusi. Nilipolirudisha nilidhani imeisha."

"Ulidhani?"

"Ilikuwa imebaki kidogo huko chini."

"Kidogo gani, Joel?"

"Sikuangalia."

Tabitha aliketi juu ya kreti ya soda. Nilidhani atalia au atampiga kaka yake. Alikaa tu, midomo ikisogea, na baada ya muda nikagundua kwamba anataja majina. Alikuwa akikumbuka kila mtu aliyempimia mafuta tangu pipa lile lijazwe.

Alasiri hiyo tulifunga duka na kibanda, tukaenda nyumba kwa nyumba, Joel mbele na mtungi wa kukusanyia mafuta. Kulikuwa na matope na njia za kati ya chai zilikuwa zinateleza. Nilimwambia Tabitha mimi nitakuwa nikieleza, kwa kuwa ni mambo ya kifundi. Akakataa. Kila mlango alisema mwenyewe, "Mafuta niliyokuuzia ni mabaya. Yanaweza kukuchoma. Naomba uyarudishe." Wengine walishukuru. Mmoja alimtukana mpaka tukafika barabarani bado anamtukana. Bibi mmoja alikataa kabisa kurudisha yake, akasema tangu aanze kuyamwagia kuni, jiko lake halijawahi kuwaka vizuri hivyo. Tulibishana naye kuliko na watu wote.

Kwa Esther tulifika mwisho, na nadhani hakuna kati yetu aliyetaka pawe pa kwanza. Hoteli ilikuwa imefungwa. Alikuwa amekaa ndani, mkono umefungwa bandeji ya zahanati, sinia ya unga mkavu iko kando. Tabitha akasema maneno yake. Joel alijaribu kusema yake yakakwama, akachukua ndoo tupu iliyokuwa mlangoni akaenda mtoni kuteka maji.

Esther alisikiliza yote. Halafu akanigeukia.

"Na wewe, Fundi?"

"Nilikulaumu mbele ya watu," nikasema. "Na sikuwa hata nimeifungua taa. Nisamehe, Mama Chebet."

Aliinua mkono wenye bandeji.

"Mkono daktari amesema utapona," akasema. "Ngozi tu ndiyo itabadilika. Lakini wale watu wawili wameshaambia soko lote kwamba mimi sijui kuwasha taa. Kuna mtu ameniuliza kama naweza kuaminiwa na jiko. Hilo daktari hana dawa yake."

"Nitawaambia."

"Uwaambie hao hao. Sio wengine."

Nilikwenda asubuhi yake. Mwalimu alinisikiliza kwa adabu, akasema kila mtu hukosea. Mwuza nyama alinifanya nirudie mara mbili, ya pili mbele ya wateja wake, halafu akacheka mpaka akaweka kisu chini. Nimelehemu matangi yenye nyufa nyembamba kama nywele, nimenyoosha shaba iliyokanyagwa na ng'ombe, lakini kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya ilikuwa kusimama pale buchani nikisema kwamba nilikosea. Jumapili nikasema tena kanisani, baada ya matangazo.

Joel alijipa adhabu yake mwenyewe. Kila alfajiri, mpaka mkono wa Esther ulipopona, alikuwa akienda kumkandia unga. Chapati zake kila moja ilikuwa na umbo lake, na watu wa chai walizila huku wakizijadili. Tabitha aliosha pipa, akaligeuza mdomo chini nyuma ya duka, akasema hatauza mafuta ya taa tena maisha yake. Watu wakawa wanatembea hadi Litein kutafuta mafuta.

Kutoka wiki ile hakuna mtu katika kibanda chetu aliyeruhusiwa kutaja kosa kabla taa haijafunguliwa, na mwenye taa awe amesimama pale anaona. Mliniuliza kwa nini meza yetu inaangalia mlango, si dirisha, wakati mwanga mzuri uko dirishani. Niliigeuza wiki hiyo, na Mzee alinisaidia kuisukuma.

Yaliyofuata mnayajua. Nguzo za umeme zilifika sokoni, taa zikapanda darini, na Mzee Sang akafariki usingizini kabla balbu ya kwanza haijawaka dukani kwa Tabitha. Miaka kadhaa nilitengeneza zaidi redio na pasi kuliko taa. Halafu watu wakaanza kuziteremsha tena, zimejaa kutu na viota vya nyigu, na nyinyi wawili mkaja kujifunza.

Lakini nimeruka kitu. Mkono wa Esther ulipopona alikuja kuchukua taa yake. Ilikuwa saa sita mchana. Ngozi ya mkono ilikuwa ya waridi, imevutika. Alikuwa amebeba kibuyu cha plastiki chenye mafuta.

"Umetoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwa Tabitha."

"Tabitha hauzi mafuta siku hizi."

"Ameniuzia mimi. Nilimwambia siwezi kwenda Litein na mkono huu kila wiki, na kwamba nitasimama kwa kaunta yake mpaka alete pipa lingine. Nilisimama siku mbili. Leo amelileta."

Nikanyoosha mkono nichukue kibuyu nimjazie. Akakivuta.

"Hapana. Nitafanya mimi."

Alijaza tangi, akaacha nafasi juu kama inavyotakiwa. Akamimina spiriti kwenye kile kikombe kidogo cha kupashia bomba moto. Kijiti cha kwanza cha kiberiti kilizimika. Cha pili kikashika. Nilikuwa nimeitia mikono yangu yote miwili kwenye mfuko wa aproni, nikiishikilia huko. Spiriti ilipokaribia kuisha alifunga skrubu, akapampu, taratibu, akihesabu kwa midomo. Soksi ikawa ya manjano, halafu nyeupe, na taa ikaanza kunguruma kwa sauti yake moja, isiyopanda wala kushuka.

"Sasa izime," nikamwambia.

Aliitazama ile skrubu kwa muda mrefu. Nilitaka kumwambia niachie mimi, na namshukuru Mungu sikusema. Akaweka kidole gumba na cha shahada cha mkono ule wa kulia, akailegeza kidogo. Hewa ikatoka kwa mlio mwembamba. Mwanga ukanywea, ukawa mwekundu, ukaisha.

"Ni hivyo tu?" akauliza.

"Ni hivyo tu."

Akaifunga skrubu tena, akavuta kigoda karibu na meza, akanyoosha mkono.

"Nipe kiberiti tena," akasema.